Ukurasa wa 41: jinsi nilivyouharibu mradi wa sayansi wa mtoto wa kaka yangu

Krr. Krr. Krr.

Niliisikia kabla sijaona chochote.

Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwa mama, kijijini Hasamba, mchana wa Jumamosi. Nimetoka kwenye jua la uwanjani nikaingia chumba cha stoo kuweka begi, macho hayajalizoea giza. Sauti ilikuwa ndogo na kavu, kama mtu anayekwangua karatasi kwa ukucha na hana haraka ya kumaliza.

"Usiwashe tochi, shangazi," mtu akasema kutoka sakafuni. "Wakiona mwanga wanakimbia, nitakosea hesabu."

Wakuu, nawasalimu wote, wa zamani na wageni.

Wengi mnanijua kutoka kule jukwaa la hadithi. Mmenisoma, mmenisifu, mmenitukana nilipochelewesha sehemu. Leo sijaleta hadithi. Haya yametokea, kwa mpangilio huu huu, na mkosaji ni mimi. Mods, nawaomba msiuhamishie uzi huu kule. Pakitokea sentensi iliyopendeza kupita kiasi, ni ugonjwa wa mkono wangu tu. Jambo lenyewe halikupendeza.

Aliyekuwa sakafuni ni Sekela, binti wa kaka yangu. Wakati huo alikuwa kidato cha pili, shule ya kata, anaishi na bibi yake, yaani mama yangu. Alikuwa amemwaga mahindi kwenye ungo chini ya ufa wa dirisha na anahesabu fukusi, mmoja mmoja, huku anaandika kwenye daftari.

Chini ya kitanda nitakacholalia kulikuwa na makopo sita ya siagi, yamefunikwa vipande vya kitenge. Yote yalikuwa na mahindi na fukusi. Mawili hayakuwekwa kitu kingine. Mawili yalichanganywa na majivu ya mkaratusi. Mawili yaliyobaki, majivu ya maganda makavu ya kahawa, kama mama yangu anavyohifadhi mahindi yake tangu nikiwa mtoto.

"Weka sikio hapa," akaniambia.

Nikapiga magoti. Makopo yasiyo na majivu yalikuwa yanaunguruma. Ya mkaratusi yalikuwa yananong'ona. Ya kahawa yalikuwa kimya.

Wakuu, nimesoma vitabu vingi, lakini sijawahi kukutana na jibu linalosikika kwa sikio namna ile.

Sasa nieleze kilichokuwa kinatafutwa. Kila shule ingepeleka mradi mmoja kwenye mashindano ya sayansi Vwawa. Watakaoshinda wangechukuliwa kusoma kidato cha tatu na cha nne kwenye shule ya bweni ya wasichana, yenye maabara ya kweli, yenye maji bombani na hadubini. Shuleni kwa Sekela, maabara ni chumba kinachohifadhi madawati mabovu. Alikuwa ameibandika picha ya ile shule ya bweni ndani ya jalada la daftari lake.

Nilikuwa nimeomba likizo fupi kazini Tunduma, kwenye ofisi ya wakala wa forodha ninapochapa nyaraka za mizigo, ili nimalizie riwaya yangu kwa utulivu. Riwaya niliiweka pembeni. Jumatatu tukaenda pamoja shuleni kumwona mwalimu wake wa baiolojia, kijana wa rika langu.

"Dada, kazi ni nzuri," akaniambia. "Shida ni vyanzo. Mwongozo unataka vitatu, vya maktaba, vyenye namba za kurasa. Hapa ameandika: chanzo, bibi yangu."

"Si ndiye aliyemfundisha?"

"Bibi si chanzo. Bibi ni bibi." Akamgeukia Sekela. "Nikikuuliza bibi yako ni ukurasa wa ngapi, utaniambia nini?"

Akacheka. Mimi pia nikacheka, nikiri. Sekela hakucheka. Alichukua kalamu, akalikata jina la bibi yake kwa mstari mmoja ulionyooka.

Maktaba ya shule ni kabati lililoko ofisini. Tulikuta vitabu vya msaada kutoka ng'ambo: namna ya kutunza farasi, namna ya kuoka keki za sikukuu, hadithi za watoto wanaocheza kwenye theluji. Katikati ya farasi na keki tukapata kitabu cha kiada chenye sura ya wadudu. Chanzo cha kwanza.

Najua kuna mtu atasema si ungegugo. Mwongozo ulisema maktaba, mkuu. Na pale kwa mama, mtandao unapandiwa kilimani.

Siku ya pili tukapanda pikipiki hadi jirani na Vwawa. Kuna maktaba ndogo ya kanisa moja, jina nalihifadhi. Anayeitunza ni mwalimu mstaafu, mzee wa koti la sufu, kila mtu anamwita Babu.

Mlangoni pana beseni la maji, sabuni na taulo. Huingii mpaka unawe, kisha umwonyeshe viganja pande zote mbili.

Mimi nikapita. Sekela akanawa, akanyoosha mikono, Babu akatikisa kichwa.

Ulikuwa msimu wa kuvuna. Kila Jumamosi asubuhi na kila jioni Sekela alikuwa shambani na bibi yake anachuma kahawa. Watu wa Mbozi mnaujua ule weusi wa vidoleni. Sabuni haiuwezi, majani makavu ya mahindi hayauwezi. Unatoka wenyewe, siku zikipita.

"Rudi msimu ukiisha, binti."

"Babu, mashindano ni kabla msimu haujaisha."

Mzee akafikiri. "Basi nitakufunulia mimi. Wewe mikono nyuma. Ukimaliza ukurasa, sema tayari."

Ndivyo alivyosoma. Alisimama mikono mgongoni kama mtoto aliyeadhibiwa, mzee anafunua, yeye anasema "tayari", mzee anafunua, "tayari". Akiona cha kunukuu ananitajia, mimi naandika. Saa nzima. Nami, badala ya kuona aibu, niliwaza kwamba hii itakuwa sura nzuri sana kwenye riwaya. Huo ndio ugonjwa ninaousema.

Kwenye kitabu cha uhifadhi wa nafaka tukapata aya mbili kuhusu majivu. Chanzo cha pili. Babu akatugongea mhuri wa zambarau kwenye karatasi yetu, kuthibitisha tumefika. Mhuri wenyewe una picha ya taa ya chemli katikati. Ukumbukeni.

Kisha akavuta droo ya kadi. Kila kitabu kina kadi yake, ameziandika kwa mkono, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi. Akatoa moja, akaisoma kwa sauti: "Majivu katika uhifadhi wa mahindi: uzoefu wa Mbozi. Kijitabu."

Sekela akanishika mkono. Alisahau vidole vyake, vikanigusa shati.

Tukaenda kwenye rafu. Pale kijitabu kilipotakiwa kuwepo palikuwa na nafasi nyembamba, nayo ina vumbi.

"Alikichukua bwana mmoja wa kilimo, mkubwa," Babu akasema. "Akaniambia anarudisha Ijumaa."

"Ijumaa ipi, Babu?"

"Hiyo ndiyo naingoja. Miaka sasa."

"Kumbe vitabu vinaazimwa?" Sekela akauliza.

"Haviazimwi. Yule tu nilimruhusu." Mzee akairudisha kadi kwenye droo. "Mikono yake ilikuwa misafi."

Tukapanda pikipiki kurudi. Tulipofika Nanyala, dereva aliposimama kuongeza mafuta, Sekela akaniuliza, "Shangazi, kitabu kikipotea, kilichoandikwa ndani nacho kinakuwa hakipo?"

Nikamwambia nitakitafuta Tunduma. Mji mkubwa ule, watu wa kila aina, hakikosekani.

Likizo ikaisha, nikarudi Tunduma. Nilikitafuta, wakuu, sidanganyi. Siku mbili. Niliuliza maduka ya vitabu, niliuliza ofisi za kilimo, niliuliza walimu. Hakuna aliyewahi kukisikia.

Siku ya tatu nikaenda steshenari kuchapa bango lake. Kuna jamaa pale, siku nzima anahudumia madereva na Wazambia, basi kila mwanamke kwake ni bamayo, yaani mama.

"Bamayo, marejeo unayo? Nina ya afya, ya mazingira, ya kilimo. Karatasi moja, majina kumi, mawili ya Wajerumani."

"Hivyo vitabu vipo kweli?"

"Vipo kwenye karatasi."

"Na wakiuliza?"

"Dada yangu, tangu nianze kazi hii sijaona msahihishaji aliyefika ukurasa wa mwisho."

Nilimsema yule kaka. Nilimsema kwa sauti, mbele ya wateja, kwamba ni watu kama yeye wanaofundisha watoto uongo kabla hawajajifunza kitu. Akaniangalia kwa upole, akaendelea kukata karatasi. Kisha nikakaa kwenye benchi lake, nikafungua laptop yangu, nikafanya kile kile, kwa ustadi zaidi.

Nilijitetea hivi. Jina la kijitabu ni la kweli. Kadi nimeiona kwa macho yangu. Kijitabu kipo duniani, mahali fulani, na hakika kinasema anachosema mama, maana kitasema nini kingine? Ninachofanya si kubuni, ni kukisia.

Nikaandika aya. Aya nzuri, wakuu. Nikaipa uzito wa mtaalamu, sentensi zinazotembea taratibu na viatu vya ngozi. Majivu ya maganda ya kahawa, nikasema, humnyima mdudu pumzi na njia. Nikaifungia alama za kunukuu. Kisha nikaweka ukurasa wa 41.

Kwa nini 41? Kwa sababu 40 ingeonekana ya kubuni.

Nikampigia simu.

"Umekiona, shangazi? Kwa macho?"

"Nimekiona."

"Kinasema kama bibi?"

"Kinasema kama bibi."

Nikasikia anavuta pumzi. "Na mimi nije nikione."

"Mwenyewe hakitoi. Nimenakili tu hapo hapo."

Mnaona uongo unavyozaa. Wa kwanza niliuandika, wa pili, wa tatu na wa nne niliutamka, na wa mwisho aliuandika yeye bila kujua, kwa sababu mwongozo ulitaka kazi yote iwe kwa mwandiko wa mwanafunzi. Aliinakili ile aya kwa wino wa bluu, herufi zimesimama wima. Aliikariri hata.

Shule ikamchagua. Mwalimu alimwambia mbele ya darasa kwamba ndiye pekee aliyehangaika na vyanzo.

Siku ya Vwawa niliomba ruhusa kazini. Mama alivaa gauni lake la Jumapili na kitambaa cheupe cha kichwani, akakaa viti vya nyuma na kapu la chakula. Mimi nikasimama karibu na meza ya Sekela. Aliyapanga makopo sita kwa mstari, akawaambia wanaopita, "Weka sikio." Watoto wa shule nyingine wakapanga foleni kusikiliza. Palikuwa na mitambo ya umeme wa jua na volkano za udongo ukumbini mle, lakini foleni ilikuwa kwake.

Majaji walikuwa watatu. Wawili walimu. Wa tatu mzee mrefu, nadhifu, bwana kilimo mstaafu. Huyo alikuja mezani kwa Sekela akiwa tayari anatabasamu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa majivu?" Akaweka sikio kwenye kopo la kwanza, la pili, mpaka la sita, anatikisa kichwa kwa raha. "Jana tumepewa orodha za marejeo. Nilipoiona yako nikamwambia mke wangu, kumbe kuna mtu bado anakisoma."

Akafungua mkoba. Akatoa bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha, kijitabu cha jalada la kijani.

Pembeni mwa jalada palikuwa na mhuri wa zambarau. Taa ya chemli.

Ndicho kile cha rafuni kwa Babu.

"Nifunulie hapo ukurasa wa arobaini na moja," akasema.

Sekela alifuta mikono kwenye sketi, mbele na nyuma, kabla ya kukipokea. Uso wake uling'aa. Ndiyo kwanza anakishika. Akafunua taratibu, vidole vyake vyeusi kwenye ncha ya kila karatasi, mpaka akakuta jalada la nyuma. Akarudi mwanzo. Akafunua tena.

Kijitabu kilikuwa na kurasa ishirini na nane.

"Labda zimechanika," akasema.

"Hazijachanika, mwanangu."

"Shangazi yangu amekisoma." Akanigeukia. Majaji nao wakanigeukia. "Shangazi, waambie."

Wakuu, hapa palihitaji neno moja. Mimi. Ni mimi. Mtoto hahusiki.

Nikasema, "Huenda lilikuwa toleo lingine."

"Toleo ni moja, dada," yule mzee akasema, wala hakupandisha sauti. "Nilikuwepo kinapigwa chapa."

Sekela aliendelea kunitazama. Niliona jambo linaingia machoni mwake, linaketi, na linaelewa kwamba halitatoka.

Mzee akakichukua kijitabu, akafunua ukurasa wa 17, akasoma kwa sauti, nadhani ili atusaidie sisi sote tusinyamaze. Akina mama wa Hasamba walitueleza, kilisema, kwamba majivu ya maganda ya kahawa huwashinda fukusi kuliko majivu ya mkaratusi, nasi tulipojaribu tukaona ni kweli.

Akina mama wa Hasamba. Bibi ambaye hana ukurasa.

Na mama yangu kule nyuma, ambaye hakuwa amesikia lolote, alisikia jina la kwao likisomwa na jaji. Akadhani tumeshinda. Akapiga vigelegele.

Alipiga peke yake, muda mrefu, mpaka mtu mmoja akamgusa bega.

"Ulikuwa sahihi," jaji akamwambia Sekela. "Ndiyo maana inaniuma. Lakini nikikupitisha na hili, wenzako hawa niwaambie nini?" Akavuta mstari juu ya jina lake kwenye fomu. Mmoja ulionyooka, kama ule Sekela aliouchora kwenye jina la bibi.

Nilimfuata yule mzee nje, kwenye maegesho, nikamwambia yote. Ni mimi niliyeitunga aya ile, mtoto hajui kitu.

"Ungelisema mezani," akanijibu. "Fomu imeshasainiwa na watu watatu."

Kisha, sijui kwa ujasiri gani, nikamwuliza kuhusu mhuri.

Akakitoa kijitabu mkobani, akautazama mhuri kama mtu anayeuona leo. Akausugua kidogo kwa kidole gumba. Kidole kisafi kabisa.

"Nitakirudisha," akasema. "Ijumaa."

Hapo, wakuu, najua baadhi yenu mnataka nimchukie yeye. Nimejaribu, na siku nyingine nafanikiwa. Kama kijitabu kingekuwa rafuni pake, Sekela angesimama mikono nyuma, angesema "tayari" mara kumi na saba, na leo angekuwa anashika hadubini. Hilo ni kweli. Lakini uongo haukuandikwa na yeye. Yeye alificha kitabu kimoja. Mimi nilichukua kazi ya kweli ya mtoto, majuma yote yale ya kuhesabu kwenye ungo, nikaiegemeza kwenye ukuta niliouchora.

Nilichojifunza ni kidogo na kimechelewa. Sisi tunaoandika hadithi tumezoea kwamba pengo linajazwa. Ndiyo kazi yetu, na tunasifiwa kwayo. Kwenye sayansi pengo linaachwa wazi na linatajwa: nilitafuta, sikukipata, kadi yake niliiona. Angeandika hivyo tu, pengine yule mzee angefungua bahasha yake na kumwonyesha ukurasa wa 17 mwenyewe. Silali vizuri na hiyo "pengine".

Sekela sasa yuko kidato cha tatu, shule ile ile ya kata. Maabara bado ina madawati mabovu. Riwaya yangu nayo bado haijaisha.

Niambieni mnachofikiri. Walimu mliomo humu, semeni kama bibi anaweza kuandikwa kwenye vyanzo na aandikweje. Mliowahi kuwafanyia watoto kazi zao mkijiona mnawasaidia, simulieni mliishia wapi. Matusi nayo nitayasoma, sitajibu.

Ila kabla hamjaanza, nimalize siku yenyewe ilivyokwisha, maana hapo ndipo inaponirudisha kila mara.

Kesho yake, Jumapili, tulipotoka kanisani, nilikuwa nafunga begi kwenye kile chumba cha stoo nirudi Tunduma. Sekela akaingia na kapu. Akapiga magoti, akayavuta makopo chini ya kitanda, moja moja. Kila moja aliliweka sikioni kwanza, kisha kapuni.

"Unayapeleka wapi?"

"Kwa bibi. Awape kuku."

Mahindi ya makopo mawili ya kwanza yalikuwa bado yanatafunwa. Niliyasikia kutoka nilipokaa. Krr. Krr.

"Sekela," nikasema. "Nisamehe, mwanangu."

Akalichukua la mwisho, la majivu ya kahawa. Akalisikiliza muda mrefu kuliko mengine.

"Shangazi, mimi nilikuwa nawahesabu kweli."

"Najua."

"Mmoja mmoja. Hata waliokufa."

Akanyanyua kapu kwa mikono miwili, akatoka, akaufunga mlango.